Nahodha, Haramia na Mpagazi

Katika vitabu vya historia ya Marekani kuna swali ambalo wanafunzi wamekuwa wakiulizwa kwa vizazi kadhaa. Wale matajiri wa viwanda waliochomoza baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, yaani Andrew Carnegie wa chuma cha pua, John D. Rockefeller wa mafuta, Cornelius Vanderbilt wa meli na reli, pamoja na wenzao, je, walikuwa viongozi waliolijenga taifa au wanyang'anyi waliolipora? Kwa Kiingereza pande zote mbili zina majina yake, na majina hayo ni ya mafumbo. Mfasiri wa pwani anapokutana nayo, la kwanza humjia bila taabu: nahodha. La pili ni la mabwana wa kale waliokuwa wakiwavizia wapitao njia na kuwatoza kwa nguvu, na hilo halina makazi katika Kiswahili. Akitafuta neno la kulikabili neno nahodha, bahari humpa moja tu, nalo ni haramia.

Basi swali likasimama hivi: Carnegie alikuwa nahodha au haramia? Msomaji aliyekulia ufukoni ataona mara moja kilichosahauliwa. Jahazi la nahodha na la haramia yote mawili yana mabaharia, na anayejua lipi ni lipi si abiria aliye pwani akitazama tanga, bali ni yule aliyeshika kamba. Swali la mtihani halimtaji.

Tumfikirie mwalimu wa historia katika sekondari yoyote ya Magomeni, Dar es Salaam. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania wamesoma kwa miaka mingi mada ya kuinuka kwa Marekani kuwa dola kuu la kibepari, na wameisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi aweza kukariri ndani yake neno zima bila kulipima. Sasa limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu yule yule, darasa lile lile, lakini maneno yamebadilika, na kila neno limebeba hukumu yake. Aseme mfadhili au mhisani? Aseme bwanyenye, au kupe, neno ambalo wazee wa TANU walimwita kila aliyeishi kwa jasho la mwingine? Au aseme tajiri, kama wasemavyo makuli wa Kariakoo, ambao kwao tajiri si mtu mwenye fedha tu bali ni mwenye mzigo, mwenye duka, anayekuita na kukulipa jioni? Katika neno hilo moja utajiri na uajiri vimefungwa kamba moja. Hata wanauchumi hawajalipata fundo zuri kama hilo.

Carnegie ni mfano mzuri kwa sababu hakuwa mnafiki wa kawaida. Alizaliwa Scotland 1835 katika nyumba ya mfumaji maskini, akahamia Marekani akiwa mtoto 1848, na kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha pamba kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa wiki. Mwaka 1889 aliandika makala akidai kwamba tajiri ni mwekahazina wa maskini tu, na kwamba anayekufa na mali yake mkononi hufa katika aibu. Na alitenda. Alitoa zaidi ya dola milioni 350 kabla ya kufa kwake 1919, na fedha zake zilijenga maktaba 2,509 katika nchi zinazosema Kiingereza. Mwenye kutaka kumwita haramia hana budi kwanza kuzihesabu hizo maktaba.

Lakini mwaka 1892, miaka mitatu baada ya makala ile, wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, walikataa kupunguziwa ujira. Carnegie mwenyewe alikuwa Scotland. Msimamizi wake, Henry Clay Frick, aliwafungia nje, kisha akaleta kwa majahazi ya mtoni walinzi wapatao 300 wa kukodi kutoka kampuni ya Pinkerton. Siku ya tarehe 6 Julai risasi zililia kutwa nzima, na watu wasiopungua 10 wakafa. Chama cha wafanyakazi kikavunjwa, na viwanda vile vikakaa bila chama chenye nguvu hadi miaka ya 1930. Mwaka 1898 Carnegie akawafungulia watu wa Homestead maktaba ya fahari, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Mtu aliyefanya kazi saa 12 mbele ya tanuri la chuma angeisoma saa ngapi?

Hapo ndipo lilipo swali la maadili, nalo si la Marekani peke yake. Waswahili wana maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku hukaribiana, na katika dhamiri hayakaribiani kabisa: hisani na haki. Hisani ni ya mtoaji. Yeye huchagua ampe nani, lini, kiasi gani, na jina la nani liandikwe mlangoni. Haki ni ya anayedai, naye hana haja ya kusema ahsante. Wanavyuoni wa pwani wamelifundisha jambo hili barazani na misikitini kwa namna inayofahamika hata na mtoto wa chuoni: iko haki ya Mungu, nayo Mungu huisamehe apendavyo, na iko haki ya mja, nayo haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe. Aliyekopa kwa Juma hajalipa kwa kumpa Hamisi sadaka. Maktaba ilipewa mji. Deni lilikuwa la wafua chuma.

Mwalimu wa Magomeni akiishia hapo atakuwa amefundisha vizuri, lakini habari itabaki ya watu wa mbali. Na kwa hakika haiko mbali. Ipo nguo ambayo bibi za wanafunzi hawa waliiita merikani. Ilikuwa pamba nyeupe nzito, isiyotiwa rangi, iliyokuja Unguja kwa merikebu za Salem, Massachusetts, kwa wingi hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na katika mji wa Lowell waliofuma walikuwa wasichana wa mashambani, waliogoma 1834 na tena 1836, na ambao katika miaka ya 1840 walilipelekea baraza la kutunga sheria maombi ya kufupishiwa saa za kazi. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini. Kwa hiyo kila doti ya merikani iliyofunguliwa Bagamoyo au Tabora ilikuwa imekwisha kupita katika mikono miwili, mmoja wa mtumwa na mmoja wa binti wa mashine, kabla haijawa fedha ya kununulia pembe za ndovu.

Na pembe zile zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambayo wa pili umepewa jina la hiyo hiyo bidhaa yake, mji wa pembe. Huko zilichongwa vitana, na baadaye vibao vyeupe vya piano. Nyumba ya Mmarekani wa tabaka la kati haikukamilika bila piano sebuleni, na Unguja ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya kuzilisha karakana zile.

Mmoja wa waanzilishi wa kazi ile pale Deep River aliitwa George Read. Alikuwa mzee wa kanisa na mpinga utumwa, si wa maneno tu. Kijana aliyetoroka utumwani Carolina ya Kusini alifika kwake akiwa amebadili jina, akiitwa William Winters, naye Read akampokea na kumhifadhi. Kufanya hivyo kulimweka mtu katika hatari, na Read hakusita. Wakati ule ule karakana yake ilikuwa ikikata pembe zilizotoka bara la Afrika mabegani mwa watu, na baadhi ya watu wale walikuwa watumwa. Utumwa uliobisha hodi mlangoni kwake aliuona na akautendea kama inavyompasa mwanadamu; ule uliokuwa ndani ya kitana haukubisha.

Si haki kumcheka Read. Upeo wa jicho la mtu mwema ni jambo la huzuni, si la kejeli. Wangapi leo hushika simu mkononi bila kuuliza kobalti yake ilichimbwa na nani kule Kolwezi? Lakini kisa chake kinalifaa darasa la Magomeni kuliko kisa cha Carnegie, kwa sababu kinabadili mahali pa kusimama. Mwanafunzi wa Boston akisoma habari za matajiri wema hujiweka moja kwa moja upande wa mtoaji, au wa mpokeaji aliye karibu naye. Mwanafunzi wa Magomeni amezaliwa upande ambao jicho la mtoaji halikufika.

Tukirudi nyumbani, njia ya misafara nayo ilikuwa na wafadhili wake. Tharia Topan, Mhindi wa Unguja, alikuwa mkuu wa forodha wa Sultani na mkopeshaji wa misafara. Tippu Tip katika habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anamtaja kama mtu ambaye mali ya safari ilitoka kwake. Mwaka 1887 Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali pale Unguja. Akafa 1891 kabla haijakamilika, na mjane wake akaimaliza 1894. Jengo lile lenye roshani za nakshi bado lipo, na wageni hulipiga picha. Hakuna nakshi iliyopata kuchongwa kwa ajili ya mkopo.

Wa pili anamhusu mtoto wa Dar es Salaam kwa karibu zaidi, naye ni Sewa Haji Paroo. Biashara yake ilikuwa Bagamoyo: kuuza shehena, kununua pembe, na zaidi ya yote kuwapatia wapagazi wafanyabiashara, wamisionari na wasafiri wa Kizungu waliotaka kwenda bara. Kwa lugha ya leo, alikuwa wakala wa mabega. Na alikuwa mkarimu ajabu. Mwaka 1896 alijenga shule ya ghorofa pale Bagamoyo akawakabidhi Wajerumani kwa sharti kwamba isibague watoto kwa rangi wala asili. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyowatibu Waafrika na Wahindi, wakati Wazungu walipokuwa na yao ufukweni, Ocean Road. Alifariki 1897, akiwa bado kijana kwa hesabu ya siku hizi. Hospitali ile imekwisha kutoweka, lakini jina limehamia Muhimbili, na mgonjwa wa Magomeni anayelazwa huko huwaambia jamaa zake kwa simu kwamba yuko Sewahaji, bila kujua kwamba anataja mtu.

Lile sharti la Bagamoyo halifai kupitwa haraka. Mwaka 1896 serikali ya kikoloni haikuwa na wazo kama hilo, na hata miongo baadaye halikuwa la kawaida. Maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani na kwa msaada wa fedha za shirika lililoachwa na Carnegie, kwa miaka mingi ya ukoloni ilimfungia Mwafrika mlango. Kwa hiyo wanafunzi wanao wafadhili wawili wa kulinganisha: mmoja ambaye fedha zake zilivuka bahari zikawa ukuta, na mwingine wa hapa hapa aliyetumia zawadi yake kuibana serikali. Hisani zote si sawa. Ipo hisani inayofungua njia ya haki, na Sewa Haji alikuwa karibu nayo sana.

Lakini wapagazi? Hao walikuwa wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, na kila mmoja alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, kwa miezi. Wengi walikuwa watu huru wa kulipwa, wengine watumwa wa kukodishwa na mabwana zao. Wengi waliachwa njiani, kwa ndui, kwa kuhara, kwa njaa. Hapa pana kosa ambalo mwalimu mwenye huruma hulitenda kwa urahisi: kumfanya mpagazi awe picha ya machozi tu. Wapagazi walijua kazi yao na thamani yake. Walikuwa na desturi zao za posho, na msafara ulioonewa uliweza kutua mizigo na kukataa kunyanyuka, au kutoroka usiku na kumwacha bwana na shehena yake porini. Hiyo ndiyo migomo ya kwanza ya nchi hii, kabla ya reli na kabla ya bandari. Anayetafuta wanamageuzi asiwatafute miongoni mwa waliojenga hospitali peke yao.

Ukoo wao haukukatika. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda treni ukaenda bara, na mishahara ikapandishwa. Ziada ile haikuchongwa jina la mtu mlangoni, na aliyeipata hakumshukuru yeyote.

Nyumba aliyoishi Nyerere mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa harakati za TANU, iko Magomeni, na sasa ni makumbusho madogo. Mwalimu mwenye bidii huwapeleka watoto kwa miguu. Huko swali la tajiri mwema lilipata jibu la kisiasa, kwani Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa kwa kiasi kikubwa jaribio la kuifanya hisani isihitajike. Mabenki yalitaifishwa, kisha mashamba ya mkonge, yakiwamo ya familia ya Karimjee, ambayo ukumbi wake ndimo lilimokutania Bunge la kwanza. Mwaka 1971 zikafuata nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Kariakoo na Upanga zikabadilika usiku mmoja. Iliaminika kwamba mali ikiwa ya wote hapatakuwa tena na wa kupewa.

Ilikuwa imani nzuri. Lakini mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wenyewe wakitegemea Mwongozo wa TANU wa 1971 uliowakataza viongozi kuwa na majivuno na ubwana, na haukupita muda mrefu dola yenyewe ikaona kwamba makuli wamesoma waraka ule kwa makini kupita kiasi. Serikali nayo yaweza kuwa mfadhili, na mfadhili hapendi kudaiwa.

Wanafunzi wa Magomeni hawahitaji kitabu kuliona hilo. Wakazi wa kota za zamani za Magomeni, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010 nyumba zikabomolewa, wakatawanyika mjini wakingoja. Maghorofa mapya yalizinduliwa Machi 2022. Je, siku ile walipewa, au walirudishiwa? Darasa la vijana 60 laweza kubishana juu ya kitenzi hicho kimoja kipindi kizima, na kipindi hicho kitakuwa kimefundisha maadili kuliko orodha ya fadhila 10 ubaoni.

Pengine mzazi atauliza kama si ukosefu wa adabu kumfundisha mtoto kumchunguza aliyemtendea wema. Wahenga walisema tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Methali hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa mtenda wema ili asikate tamaa. Lakini isomwe vizuri: imemwambia mtoaji aende zake, asikae mlangoni. Kushukuru ni adabu, na mgonjwa aliyepona Sewahaji ana haki ya kumwombea dua yule Mhindi wa Bagamoyo. Dua hiyo haimzuii kuuliza pembe zilibebwa na nani. Mwalimu asiyeweza kuvibeba vyote viwili kwa pamoja atazalisha ama wapambe ama wenye husuda, na mji hauna uhaba wa aina zote mbili.

Kutoka Magomeni Mapipa hadi Kariakoo si mbali, ni kulivuka bonde la Msimbazi pale Jangwani tu. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapo; waliokufa katika kazi ile, kwa hesabu rasmi ya Waingereza yenyewe, walizidi 95,000. Mbele kidogo, njia panda ya Samora na Azikiwe, ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa 1927. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini, ambayo yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Watoto wakipelekwa pale wainame wayasome, maana kutoka barabarani hayaonekani.